Maksai Wawili kwa Mtumbwi Mmoja

Kabwe, Nkasi
17 Agosti 2025

Dada Hellena,

Tangu Mungu amwage haya maji wakayaita Ziwa Tanganyika, hajatokea nahodha kama mdogo wako Mboje Shigela. Sijisifu, nakutaarifu tu. Jana nilipopita ufukweni mawimbi yalinyamaza, samaki wawili wakatoa vichwa kunitazama, na mzee mmoja aliyevua hapa tangu hajaota ndevu akanivulia kofia. Enock anasema yule mzee alikuwa anajikuna. Enock ana wivu, unamjua.

Umenikataza kupiga simu kwa sababu baba anataka kila simu iwekwe spika, na eti mimi nikisikia niko kwenye spika naongeza chumvi. Haya. Mimi mtu wa kidato cha pili na nusu nimenunua karatasi, ninaandika barua kwa mkono kama mtendaji wa kijiji. Nampa Timoth, konda wa basi, atakuletea hapo Kizwite kwenye cherehani yako. Mpe maji ya kunywa, anapenda kusifiwa.

Sasa sikia habari ya mali. Mtumbwi ni wa mbao, una urefu wa hatua kumi na moja zangu. Mwenyewe alikuwa amechoka na ziwa, anataka kulima. Mimi nilikuwa nimechoka na kulima, nataka ziwa. Nikampa wale maksai wawili aliokuwa amenigawia baba, Sajenti na Mweupe, naye akanipa mtumbwi na makasia manne. Tumeandikiana kwamba kabla ya mvua za kwanza yeyote akijuta anarudisha cha mwenzake. Mimi sijuti. Sajenti ndiye anayejuta, nilipoondoka alinitazama vibaya.

Ziwa lilikuwa limefungwa, hakuna kuvua, kwa hiyo mtumbwi nimekaa nao nchi kavu mwezi mzima nikiutunza. Nimeujengea kibanda kama cha ndama. Kila asubuhi naupaka samli kutoka nyumbani, unang'aa, watu wanajitazama humo wakichana nywele. Hawa wenyeji hawajui kutunza chombo, wanakiacha majini usiku na mchana kama kiboko.

Jana ndiyo tumeingia majini mara ya kwanza: mimi nahodha, Enock msaidizi wangu, na Obed. Obed ni mzaliwa wa hapa Kabwe, babake mvuvi, yeye mwenyewe kaanza kupiga kasia kabla hajaota meno. Nimemchukua kama mshauri. Safari ilikuwa nzuri na fupi. Mtumbwi ulikuwa na kiu, ukanywa maji kidogo. Tukarudi.

Msalimie baba. Mwambie mwanae ameiva.

Nahodha Mboje

*

Kizwite, Sumbawanga
20 Agosti 2025

Mboje,

"Ukanywa maji kidogo." Timoth kafika hapa na barua yako mkononi, hata hajakaa, kaniambia mbele ya wateja watatu: "Dada pole, mtumbwi wa mdogo wako nimeuona asubuhi uko chini ya maji, juu zinaonekana ncha mbili tu." Nimejidunga sindano kidole. Mteja mmoja akaanza kulia, hata hakujui.

Hebu niambie ukweli. Umezama? Enock mzima? Maana najua hajui kuogelea, yule alikuwa anaogopa hata josho la ng'ombe.

Na hiyo samli ni ya nani? Mama amekuwa akilalamika mwezi mzima kwamba kibuyu kimepungua, amemfukuza paka wa watu bure.

Sikia sasa, acha utani. Baba wamemtoa mtoto wa jicho jicho moja, la pili wiki ijayo. Tarehe kumi Septemba anapewa miwani. Anakaa hapa barazani siku nzima haoni, anasikiliza tu, na kila anayepita anamwambia: "Nina kijana wangu kapeleka maksai ziwani." Jana usiku kasema neno, nami nakuandikia kama alivyosema: "Nikipata macho, kitu cha kwanza nakwenda Kabwe. Nikimkuta anajua anachofanya, mtumbwi ni wake, sitasema tena. Nikimkuta anacheza, maksai wanarudi kabla ya mvua na yeye anarudi nyuma yao nyumbani Msanzi." Hakupandisha sauti. Unajua baba asipopandisha sauti.

Mimi nilikutetea. Nilisema Mboje mdomo wake ni mkubwa lakini akili anayo. Usinifanye mwongo.

Barua yako nilimsomea. Pale pa samli niliruka.

Dada yako,
Hellena

*

Kabwe
25 Agosti 2025

Dada Hellena,

Mwambie Timoth aendelee kukata tiketi, mambo ya majini atuachie wataalamu. Mtumbwi haukuzama. Tuliuzamisha! Kuna tofauti kubwa, hata aliyekuwa analia mpe pole.

Ilikuwa hivi. Tulipoingia majini ile siku ya kwanza, hatujafika hata mita hamsini, maji yakaanza kuingia kila upande kama tumepanda kwenye chujio. Obed akacheka mpaka kasia likamponyoka. Akasema, "Mshikaji, mbao za mtumbwi zikikauka zinasinyaa. Wewe umeukausha mwezi mzima kama nyama, tena ukaupaka mafuta ya kula." Kumbe samli ilikuwa imelegeza ile pamba iliyozibia maungio, na mbwa wa hapa wote walikuwa wanakuja kulamba. Nilidhani wananilindia.

Basi dawa yake ni hiyo: unaujaza mawe, unauzamisha pale pale ufukweni siku tatu ili mbao zinywe, zivimbe, zibanane. Obed na wenzake walipoanza kupakia mawe mimi nilikuwa kibandani. Nikatoka na fimbo nikipiga yowe la wizi wa ng'ombe. Enock naye akapiga yowe. Nusu ya Kabwe ikatoka kutazama Wasukuma wawili wanapiga yowe ziwani. Sasa tumekuwa maarufu. Nikipita watoto wananiita Samli.

Siku ya nne tukautoa, fundi akaziba upya kwa pamba, ukawa mkavu ndani kama mkeka. Ijumaa tukaenda kuvua kweli.

Kupiga kasia ni kama kulima kwa maksai, nimeligundua hili mwenyewe. Lazima wawili walingane, mmoja akizidi mnazunguka. Nikamweka Enock kushoto, mimi kulia, Obed nyuma anaongoza kwa kasia refu. Nikawa naita kama shambani: "Shika! Shika mfereji! Geuza!" Enock anaitika "muuu" kama Sajenti. Wavuvi wa mitumbwi mingine wakaacha kuvua wakatusikiliza. Mmoja akauliza kwa sauti, "Nyie, mtapanda mahindi au maharage?" Nikamjibu, "Tunapanda wewe, kaa kimya uote!" Walicheka wote, na yeye pia.

Tumevua migebuka kwa ndoano. Unafunga manyoya ya kuku juu ya ndoano, unashusha, unachezesha mkono, wanakuja wenyewe kama wameitwa harusini. Mimi nimevua wengi kuliko wote, sitaji idadi kwa kuogopa kijicho. Katikati nililisha samaki kidogo ili wasituchoke. Enock naye akalisha. Obed hakulisha, ndiyo tabia ya wabahili.

Nimekutumia kapu moja kwa Timoth. Mwambie baba awashike samaki kwa mikono, aone uzito wa kazi yangu.

Sasa ombi. Obed anajua kutumia tanga. Upepo wa mchana ni mzuri, mikono inapumzika. Nishonee tanga, dada yangu mzuri, mshonaji kuliko wote Kizwite. Turubai lolote. Ukubwa kama ukuta wa jiko letu.

Nahodha (siyo Samli),
Mboje

*

Kizwite
30 Agosti 2025

Mdogo wangu mlisha samaki,

Unadhani sijui kulisha samaki ni nini? Niliwahi kupanda boti ya kwenda Kigoma, nikalisha ziwa zima.

Kapu limefika. Baba kaweka mkono ndani, kashika mmoja, kampapasa kuanzia kichwani mpaka mkiani kama anapima ndama sokoni. Kisha akanusa. Kisha akaniuliza, "Hellena, mdogo wako kajifunza lini kubanika samaki?" Nikasema sijui baba. Akasema, "Hawa wamepasuliwa na mtu aliyepasua samaki miaka ishirini. Wamelingana wote. Mboje hajawahi kukata hata kuku akalingana." Halafu akala wanne.

Kwa hiyo, nahodha, samaki mmenunua sokoni kwa mama gani?

Tanga nimelishona. Usiku baba hawezi kulala, akawa anakaa karibu na cherehani. Akashika lile turubai, akauliza kwa upole, "Nani amefariki?" Akadhani ni la msibani. Nikamwambia ni tanga la Mboje. Kisha akashika ukingo wake, akaenda nalo kidole kwa kidole mpaka mwisho, akaniambia, "Hapa kwenye kona rudia mshono. Pakichanika hapa watapata shida." Nikarudia. Kona zote nne nimeshona mara tatu, mbili kwa ajili yangu na moja kwa ajili yake.

Sasa nakuomba kitu kimoja kama dada. Obed akisema rudi, mrudi. Wewe huko ni mgeni. Enock ni mgeni zaidi, na amekuja huko kwa sababu yako, mama yake alikuwa hataki. Unasikia?

Jicho la pili limekwenda vizuri. Siku kumi na moja zimebaki.

Hellena

*

Kabwe
5 Septemba 2025

Dada Hellena,

Tanga limefika. Kabwe nzima ilisimama. Jeupe na bluu, na ile mishono yako! Mafundi wa hapa wamelikagua mbele na nyuma, wamesema aliyeshona hili aolewe haraka. Nimewaambia foleni inaanzia kwangu.

Samaki wa lile kapu, sawa, nimeshindwa. Wa kwetu walikuwa tisa, Obed akasema tisa aibu, tukabadilishana na mama mmoja wa hapa. Lakini kuvua tulivua. Nimekiri, tusonge mbele.

Jumanne tukatweka tanga. Dada, hujawahi kuona. Upepo ulipoingia mle ndani mtumbwi ulinyanyua pua ukaondoka wenyewe, hakuna kasia, hakuna jasho, ni sauti ya maji tu ubavuni, shiiii. Enock alikuwa mbele kabisa, kakaa juu ya ukingo, kanyoosha mikono anaimba zile nyimbo za kulima. Obed nyuma anaongoza. Mimi katikati ndiye mwenye kamba, ile ya kuvuta tanga, yaani mimi ndiye niliyeshika upepo wenyewe. Obed akaniambia kamba hiyo haifungwi, inashikwa mkononi muda wote. Lakini mkono ulichoka, na mimi fundo ninalo, lile la kufungia fahali mnadani, ambalo kadiri anavyovuta ndivyo linavyokaza. Nikalifunga. Safi kabisa.

Tulikwenda mbali mpaka nyumba za Kabwe zikawa kama punje za mahindi. Tulirudi mapema kidogo, upepo uliongezeka, halafu tulishachoka kushangiliwa. Nguo zililowa, ziwa lina maji, utafanyaje. Kasia moja limepotea, lakini nilikuwa na manne.

Mtumbwi ni mzima kabisa. Hata mkwaruzo hauna. Mwambie baba hilo, mwambie mtumbwi ni mzima.

Enock amerudi Msanzi Jumatano. Kakumbuka ugali wa mama yake. Sasa hivi natoka na Obed tu, wawili tunatosha, chombo kinakuwa chepesi. Jana tumevua kuhe mmoja mkubwa, kichwa chake kama cha Timoth.

Baba aje. Niko tayari.

Mboje

*

Kizwite, Sumbawanga
12 Septemba 2025

Mboje mwanangu,

Ni mimi baba yako. Ninaandika mwenyewe, Hellena amekaa pembeni nimemkataza kusahihisha.

Juzi nimepewa miwani. Nimeona mlango, nimeona mkono wangu, nimemwona dada yako amekonda, nimemwambia ale. Kisha nikaomba barua zako. Alikataa kidogo. Zilikuwa kwenye kopo la vifungo. Nimezisoma siku mbili, silabi kwa silabi, kama nilivyofundishwa elimu ya watu wazima.

Ya samli nimecheka mpaka nikavua miwani. Dada yako hakuwa amenisomea. Mama yako nitamwambia mimi, wewe usiseme kitu. Ya kutapika si aibu. Ya samaki wa kununua nilijua.

Nimechunga miaka arobaini na tisa. Jioni ng'ombe wanaporudi sihesabu waliokuja. Natazama nani hayupo. Barua ya kwanza Enock yupo, anakutania. Ya pili yupo, anaitika kama Sajenti. Ya tatu anaimba. Halafu ameondoka kwa maneno tisa, naye hajatajwa tena, na umeniambia mtumbwi ni mzima mara mbili. Mimi sikuuliza mtumbwi.

Mama yake nimempigia simu. Anasema kijana amerudi mzima wa mwili. Haendi mnadani, hataji ziwa, ukitajwa wewe anatoka nje. Haelewi kwa nini. Nikamwambia hata mimi sielewi, nitauliza.

Kijana akinipotezea ng'ombe akaja kuniambia jioni ile ile, asubuhi ninamrudishia fimbo anaendelea kuchunga. Akinificha simpi tena. Unalijua, kaka yako lilimpata. Mvua bado. Kabla sijapanda basi la kuja huko, niandikie kilichotokea Jumanne. Usiandike kingine.

Baba yako,
Shigela

*

Kabwe
16 Septemba 2025

Shikamoo baba,

Nimefurahi umeona. Nilipoipata barua nilidhani ni ya Hellena, nikaifungua mbele ya watu nikaanza kuisoma kwa sauti ya kujivuna. Nilipofika kwenye "ni mimi baba yako" nikaikunja nikaenda kukaa nyuma ya kibanda.

Umesema nisiandike kingine. Nitajaribu. Nikianza kutania uniwie radhi, mkono umezoea.

Siku ile Obed alisema turudi mara tatu. Mara ya kwanza aliniambia kawaida. Mara ya pili alinionyesha maji kule mbali yalivyobadilika rangi. Mara ya tatu alisema, "Mboje, nakuomba." Mimi nilisema mtumbwi ni wa nani. Nilisema hivyo, baba. Enock alicheka kwa sababu alidhani natania, na mimi nikamwacha adhani.

Upepo ulipokuja ulikuja wote kwa pamoja. Obed akapiga kelele, "Achia kamba!" Sasa ile kamba ingekuwa mkononi ningeifungua vidole tu, tanga lingepeperuka, mtumbwi ungesimama. Lakini nilikuwa nimeifunga lile fundo. Unalijua, ulinifundisha wewe, ni zuri kwa fahali. Kadiri upepo ulivyovuta ndivyo lilivyokaza. Kucha mbili zimeng'oka nikilifungua, halikufunguka. Mtumbwi ukalala ubavu, maji yakaingia kama mafuriko, na Enock aliyekuwa amekaa ukingoni mbele akateleza akaingia ziwani.

Obed alikata kamba kwa kisu cha samaki, mtumbwi ukainuka umejaa nusu. Kisha akaruka. Alimshika Enock kwa nyuma, akawa anamwongelesha, akamrudisha. Enock alikunywa maji mengi lakini alitapika yote. Nilichota maji kwa ndoo mpaka jioni, Obed akapiga kasia peke yake mpaka ufukweni. Asubuhi Enock alipanda basi. Nilimbebea mfuko mpaka mlangoni, akaupokea bila kunitazama.

Obed hajaniacha. Tunatoka wote kila siku, yeye ndiye anayeamua kwenda na kurudi, na kamba naishika mkononi. Nimeanza kuijua, baba. Juzi ameniacha niongoze mpaka pale tunapovulia, akasema si mbaya. Ukija utaona. Lakini ukisema maksai warudi, nitawafuata nyuma bila neno. Ijumaa ninakwenda Msanzi. Nimempigia Enock simu kila siku, hapokei. Nitakaa mlangoni kwao mpaka atoke nimwambie haya ninayokwambia, ingawa yeye anayajua kuliko wewe.

Nimeandika kila kitu, na bado sijaandika kile ulichouliza. Hellena, kama unasoma, usinitetee hapa.

Enock hakuanguka mbali. Alitokeza juu ya maji pale pale, karibu nami kuliko urefu wa fimbo ya kuchungia. Aliniita jina. Alininyooshea mkono, nikauona, ningeinama tu ningeushika. Lakini mtumbwi ulikuwa unajaa, nikawaza unazama, nikawaza Sajenti na Mweupe, nikawaza wewe na macho yako mapya. Nikaukumbatia mlingoti kwa mikono yote miwili. Obed alikuwa mwisho kabisa wa mtumbwi, akakata kamba, akanipita akaruka, na mimi bado nimeshika. Enock aliniona nikichagua.

Mwanao,
Mboje